Mama wa wote ni mama wa nani?

Katika matanga ya hapa kwetu Alimbongo, mama mzee akifariki, sifa moja hairukwi: «Alikuwa mama wa wote.» Watu wanaitikia, wanaimba. Lakini, ndugu wasomaji, ni nani anayeuliza: kama alikuwa wa wote, watoto wake walibakia na nini?

Swali hili sikulitoa katika vitabu. Mwisho wa mwezi wa sita 2024, Kanyabayonga ilipoingia mikononi mwa M23, watu walipanda barabara kuelekea Lubero na Butembo, mizigo kichwani. Usiku wa huku milimani baridi inaingia mpaka mifupani. Mama yangu, nyanya ya watoto wangu, akapokea mama mmoja na watoto wake. Wanangu walikuwa kwake. Wakaachia wageni kitanda, wao wakalala kwenye mkeka karibu na mafiga.

Kwetu Banande jina linaonyesha nafasi ya mtoto: Kambale ni kijana wa pili wa mama yake. Mimi nina Kambale, na yule mama mkimbizi pia alikuwa na wake. Nyanya akiita «Kambale!», wawili wanakuja mbio, na kiazi kilichobaki ni kimoja. Kinagawanywa. Ndiyo ukarimu huo: unaonekana katika nusu ya kiazi ambayo mjukuu hakuila.

Siku ya mazishi, wamama wa kirimba walisema mema yake, na wale wa shirika vilevile. Yule mkimbizi akalia: «Mama yangu!» Binti yangu akaninong'oneza: «Baba, nyanya alikuwa wetu ao wao?» Nilitaka kumkaripia. Nikashindwa, kwa sababu swali lilikuwa la haki.

Wengine watajibu kwamba mtoaji anatoa chake. Si kweli kabisa. Shamba la mama tulililima wote. Wengine watasema kwamba anayetoa hapungukiwi. Hiyo nayo ni maneno ya kufariji tu. Waulize waliolala chini. Tukumbuke Mama Rebecca Masika Katsuva wa Minova. Katika vita iliyoanza 1998, watu wenye silaha walimuua mume wake, wakambaka yeye na binti zake wawili. Baadaye alifungua nyumba ya kupokea wanawake waliobakwa na watoto yatima. Alifariki tarehe 2 Februari 2016, na sifa zake zilifika mbali. Lakini binti zake, wenye jeraha lile lile, ndio waliogawana mama yao na watu wengi hivyo. Nani aliwashukuru?

Basi, je, mama wa namna hii anawaibia watoto wake? Nadhani jibu liko katika namna anavyotoa. Ule usiku wa kwanza, mama aliwaita wajukuu akawaambia: «Kitanda ni chenu. Ninakiomba.» Hakuamuru, na hakujifanya kwamba ni kitu kidogo. Na wageni pia hakuwafanya kuwa watu wa kuhurumiwa tu. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yule mama alipewa jembe, na kipande cha shamba cha kupanda maharagi.

Kipande hicho ndicho kilileta maneno. Kesho yake ya mazishi ukoo ulikaa: aondoke, ao abaki? Tumeona nyumba ambamo udongo wa kaburi haujakauka, watoto wanafukuza wale waliopokelewa na marehemu. Mara nyingi ni watoto wasioulizwa kitu hata siku moja. Kilichochukuliwa kimya kinarudishwa kwa hasira. Mimi nilimgeukia binti yangu: «Nyanya alipoomba kitanda, ulijibu nini?» Akasema: «Nilikubali.» Wajomba wakanyamaza. Yule mama akaachwa avune maharagi yake, na baada ya mavuno akapewa msimu mwingine.

Kwa hiyo ninaomba jambo moja liongezwe katika desturi yetu. Tukimaliza kumsifu mama wa wote, asimame mtu mmoja awashukuru watoto na wajukuu wake kwa majina, mmoja mmoja, kwa vile walivyokubali kutoa. Nyanya alikuwa wao. Kama asingekuwa wao, angewaomba kwa haki gani?