Jicho la Msomaji

Je, mtu atuoneshaye picha ya hadithi tuipendayo hutuzidishia kitu, au hutupokonya? J.R.R. Tolkien, katika insha yake juu ya hadithi za ajabu, alishika la pili: picha hutoa umbo moja tu, ilhali neno "mlima" humwachia kila msomaji mlima wake. Hoja ni nzito. Lakini mwenyewe alikwisha kuichora kwa mkono wake riwaya yake The Hobbit, mwaka 1937.

The Lord of the Rings, iliyotoka 1954 na 1955, imewavuta wachoraji wengi wa ridhaa. Mmojawao ni Margrethe wa Denmark, aliyempelekea Tolkien michoro yake. Ilipochapwa London mwaka 1977, ikiwa imechorwa upya na Eric Fraser, Margrethe alikwisha kuwa malkia. Hata hivyo jina lililotajwa lilikuwa la kubuni: Ingahild Grathmer.

Kwangu, jibu limo humo. Picha hudhulumu inapokuja na mamlaka. Filamu za Peter Jackson, za 2001 hadi 2003, zimewapa mamilioni ya watu uso mmoja wa Frodo. Mchoraji wa ridhaa hana nguvu hiyo. Akionesha kazi yake husema tu, "Mimi nimeona hivi," na mwenzake humjibu kwa picha nyingine. Mlima uliochorwa na mikono mia hauna mmiliki. Na msomaji, akiitazama yote, hukumbuka kwamba naye anao wake.