Kidonge kwa Paka Asiyekitaka

Agosti 2023 serikali ya Kupro iliruhusu vidonge vya molnupiravir, vilivyokuwa vimewekwa akiba kwa wagonjwa wa korona, vitumike kutibu paka. Kisiwa kilikuwa kimevamiwa na aina mpya ya virusi vya korona vya paka, vinavyoleta ugonjwa ambao madaktari wa mifugo huuita FIP. Mara nyingi tumbo hujaa maji, homa haishuki, na mnyama hukonda hadi kufa. Paka walikuwa wameshakufa kwa maelfu. Habari ile ilipokewa kwa shangwe, na ilistahili. Kazi iliyobaki ilikuwa ya majumbani, mbele ya mgonjwa aliyekaza taya.

Kumnywesha paka kidonge kuna ufundi wake. Huviringishwa kwenye taulo hadi abaki kichwa tu, kwa sababu ya makucha. Mkono mmoja hushika mifupa ya mashavu na kuinua kichwa. Kidole cha mkono wa pili hushusha taya ya chini, na kidonge hutumbukizwa nyuma kabisa ya ulimi. Akilamba pua, huenda amemeza. Ikikosewa, dawa huyeyuka mdomoni, uchungu huleta povu, na kesho yake paka yuko chini ya kitanda kabla kopo halijafunguliwa. Na hata akimeza, kazi haijaisha. Kidonge kikavu huweza kukwama kwenye umio; doksisaiklini ikikwama huunguza, na kovu lake huweza kuubana umio kiasi cha kuzuia chakula. Ndiyo maana hufuatishwa maji kidogo kwa bomba lisilo na sindano.

Sasa fikiria hayo kwa siku 84. Huo ndio muda uliozoeleka katika tiba ya FIP tangu Niels Pedersen na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipotangaza mwaka 2019 matokeo ya dawa nyingine, GS-441524, iliyotolewa kwa sindano: kati ya paka 31, 25 walipona ugonjwa ambao kabla ya hapo karibu kila aliyeupata alikufa. Faida ni kubwa mno. Lakini anayeipata hakuiomba, na kila siku anaikataa kwa meno.

Wengi hujibu kwamba mtoto mdogo naye hulazimishwa dawa. Jibu hilo lina upungufu. Mtoto atakua, ataelezwa, na huenda akashukuru. Mzazi hutumia nguvu leo kwa kutegemea ridhaa itakayokuja baadaye. Kwa paka ridhaa hiyo haiji kamwe. Hatajua kwamba mkono uliomkaba ndio uliomponya. Mwanafalsafa Tom Regan, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu haki za wanyama, alitenganisha kile mnyama anachokitaka na kile chenye manufaa kwake, na tofauti hiyo inasaidia. Hata hivyo, kujua manufaa ya mwingine hakutoshi kumpa mtu ruhusa ya kumshika kwa nguvu. Jirani anayejua dawa ya ugonjwa wako hana haki ya kukufungua kinywa.

Ruhusa hiyo inatoka wapi, basi? Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, inaonyesha njia. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Kosa linaanzia mlangoni: aliyemnyima paka uwezo wa kujitegemea amebeba deni la yote ambayo paka angejifanyia. Izz al-Din ibn Abd al-Salam, mwanazuoni aliyefariki Cairo mwaka 1262, alipotaja haki za wanyama juu ya binadamu alisema wagharimiwe hata wakizeeka au wakiugua kiasi cha kutoleta faida tena. Anayemfuga paka ana deni, na kidonge ni sehemu ya kulilipa.

Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe. Pale paka alitaka na mtu akatoa. Kwenye kidonge mtu hutoa kisichotakiwa, na hapo deni huwa zito zaidi, kwa kuwa mdai hawezi kulisamehe. Kwa hiyo ukataaji wake lazima uhesabiwe. Unamdai mlezi ajifunze kushika vizuri, na aulize kama kuna njia nyepesi. Dawa ya tezi ya shingo, kwa mfano, huweza kutengenezwa kama jeli ya kupakwa ndani ya sikio. Unamdai pia asimpe paka dawa za kabati lake mwenyewe: parasetamoli, ambayo ini la paka haliwezi kuivunja ipasavyo, inaua.

Tena ukataaji hauko wa aina moja. Paka anayetema kidonge kisha akala samaki na kujilaza juani amekataa uchungu tu, na ni haki kumshika tena kesho. Aliyeacha kula, anayejificha mchana kutwa na kumkimbia kila mtu wa nyumba, amefikisha habari nyingine, hasa ikiwa ni mzee mwenye figo zilizochoka na dawa inamwongezea wiki chache. Hapo mlezi ajiulize kwa ukweli wiki hizo ni za nani. Zikiwa ni zake yeye, kwa sababu hayuko tayari kuagana, deni halimruhusu kuendelea, na mazungumzo na daktari yahamie kwenye kutuliza maumivu.