Nyumba Isiyo na Mwenyewe Hufagiwa na Nani?

Tangu kale watu wameuliza kama mji wahitaji mkubwa wa kuuamuru, au kama watu wema waweza kukaa pamoja bila mkubwa. Hatutaki kurudia hapa maneno yote ya walimu wa falsafa. Wengi wa wasomaji wetu hawana nafasi ya kuyasoma, na sisi wenyewe tumesahau mengi tangu tulipotoka seminarini. Twataka kuligeuza swali kidogo, kwa sababu ya mambo tuliyoyaona kwa macho hapa Goma: mahali pasipo mwenyewe mmoja, mzigo wa mwenyewe huenda kwa nani?

Ilikuwa Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, kesha ya Pentekoste. Tulikuwa twapanga viti kwa Misa ya kesho yake, mara mbingu za kaskazini zikawa nyekundu kama tanuru. Mlima Nyiragongo ulikuwa umepasuka. Wazee walikumbuka mara moja mwezi wa Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji, ikaunguza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaingia ziwani. Safari hii hatukuwa tumepata onyo lolote. Kituo kinachouchunguza mlima kilikuwa kimedhoofika. Msaada wa Benki ya Dunia ulikuwa umekwisha mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kilikosa hata fedha za kulipia intaneti inayoleta habari kutoka mashine zilizowekwa mlimani. Basi usiku ule mji mzima ulibaki na simu zake mikononi.

Yafaa tuwaeleze wasomaji wa mbali jinsi tunavyokaa na simu hizo. Kila mtaa una kundi lake la WhatsApp. Na shirika (ndivyo tuitavyo huku jumuiya ndogo ya Kikristo) lina lake. Wanakwaya wana lao, wauza makala lao, wasukuma chukudu lao. Hakuna kundi lililo juu ya jingine. Neno hutoka hapa likaingia pale, na kufika kwake pale hakuna aliyeliruhusu wala aliyelikataza. Usiku ule tulisoma kwamba lava imekwisha kuingia uwanja wa ndege. Nayo kwa kweli ilisimama upande wa Buhene, haikuufikia uwanja. Tulisoma kwamba ziwa Kivu litalipuka kabla ya mapambazuko. Tulisoma pia mambo ya kweli yaliyookoa watu: njia ipi imekatwa, njia ipi bado yapitika. Uongo na kweli vilivaa nguo moja.

Katika kundi la mtaa wetu alikuwamo mama mmoja mwuza makala. Hakuna aliyemchagua. Yeye ndiye aliyelifungua kundi zamani, kwa ajili ya michango ya msiba, basi likabaki mikononi mwake. Usiku ule hakulala, wala siku zilizofuata. Kila neno lililoingia alimpigia simu aliyelileta: "Baba, uko Majengo wewe mwenyewe? Waona nini kwa macho yako? Sikuulizi ulichoambiwa." Likiwa la uongo, aliandika chini yake kwamba si kweli. Simu aliichaji kwa betri ya gari la jirani, na mega alizinunua kwa fedha za makala. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Mei serikali ilipoamuru mitaa kumi ihame, na watu wapatao 400,000 wakashika njia za Sake, Rutshuru, Bukavu na Gisenyi, mama yule alitembea na mtoto mgongoni na simu mkononi, akiandika.

Katika msafara ule watoto wengi walipotezana na wazazi. Mmoja alikuwa wa mtaa wetu, umri wake miaka sita. Tulituma picha yake pamoja na namba ya simu ya mama yake. Siku ya tatu alionekana Sake, mzima, akila mihogo kwa watu asiowajua. Tulishangilia, na kila mtu akaenda zake. Lakini picha haikuenda zake. Ilikuwa imekwisha toka kundini mwetu ikaingia makundi ya Butembo, ya Bukavu, ya Kampala. Na mwezi wa Desemba mama wa mtoto alikuwa bado apigiwa simu usiku. Wengine walikuwa watu wema wakiuliza habari. Wengine walidai walipwe ndipo wamrudishe mtoto, naye mtoto amelala kitandani pembeni yake.

Ni nani basi mwenye kosa? Tulioituma picha tulifanya wema. Waliopeleka mbele walifanya wema. Hata yule wa Kampala aliyeituma miezi sita baadaye alidhani afanya wema. Ukimshika kila mmoja ukampeleka mbele ya padri, hana la kuungama. Hata hivyo mama yule aliteswa, na mateso yake yalitoka kwetu. Hapo ndipo tulipoanza kufahamu kwamba kuna makosa yasiyokaa ndani ya mtu yeyote. Yakaa katikati ya watu, kama takataka za mfereji. Siku ya salongo kila mtu hufagia mbele ya uwanja wake, naye hufagia vizuri. Lakini mfereji unaopita kati ya viwanja viwili hujaa, na mvua ikinyesha maji huingia kwa wote wawili. Aristoteli aliliona jambo hilo zaidi ya miaka 2300 iliyopita, alipoonya kwamba kitu cha wengi hutunzwa kidogo kuliko kitu cha mmoja, kwa sababu kila mtu ategemea mwenzake.

Wako watakaotujibu: Kila mtu na awe na dhamiri njema, yatosha. Haitoshi. Dhamiri huhukumu kile iionacho, na mtu wa Kampala hakuweza kuona kitanda cha mtoto yule. Alihitajika mtu wa kuchukua habari ya pili, yaani kwamba mtoto ameonekana, na kuipitisha kila mahali ilikopita ya kwanza. Kazi hiyo haina utamu; hakuna ashangiliaye habari ya pili.

Sasa twaja kwa vijana wetu, maana wao ndio waliotusukuma kuandika. Mwezi wa Januari 2025 vita vilipoingia mjini, na mwanzo wa Februari mitandao ya X na TikTok ikazuiwa katika nchi yetu, vijana wa parokia walituuliza swali lenye akili. Walisema: Mitandao hii yote, hata WhatsApp, kila mmoja una mwenyewe wake mmoja huko ng'ambo. Aweza kubadili sheria atakapo. Tena serikali ikimziba yeye mmoja, sote tumezibwa. Je, si afadhali mitandao isiyo na mwenyewe mmoja? Kumbe mitandao ya namna hiyo iko, nasi tulijitahidi kuisoma kadiri tuwezavyo.

Ulio maarufu zaidi waitwa Mastodon. Ulianzishwa mwaka 2016 na kijana wa Ujerumani, jina lake Eugen Rochko. Wasomaji wafikiri kijiji chenye nyumba maelfu. Kila nyumba ni mashine, waiita seva, nayo ina mwenye ufunguo wake: huku chama, huku mwalimu, huku mtu mmoja tu anayelipa kwa mshahara wake. Nyumba zote zasikilizana kwa lugha moja, ActivityPub, iliyopewa idhini mwaka 2018 na W3C, shirika linalotunga kanuni za wavuti. Mtu aliye nyumba hii aweza kuzungumza na aliye nyumba ile. Asipoipenda sheria ya nyumba yake, ahamia nyingine. Hakuna mfalme wa kijiji. Mwaka 2022 Elon Musk aliponunua Twitter, watu walikimbilia huko kwa wingi hata waliokuwa wakiitumia kila mwezi wakapanda toka laki chache mpaka kupita milioni 2.

Sisi twaipenda fikira hiyo, wala hatuoni haya kusema. Nayo si ngeni kwetu. Mwaka 1931 Papa Pius wa XI, katika barua yake Quadragesimo Anno, alifundisha kwamba jambo liwezalo kufanywa na jumuiya ndogo lisinyang'anywe na jumuiya kubwa. Mashirika yetu yaishi hivyo. Hatuhitaji askofu atuambie ni nani wa kumpelekea mjane unga.

Lakini vijana walipokuja kututazama kwa furaha, tuliwaomba wasome pia habari za wenye funguo. Nyumba moja kubwa ya watu wa ufundi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilifungwa mwisho wa 2022. Haikufungwa na serikali wala na maadui. Aliyekuwa akiitunza alipatwa na taabu katika jamaa yake, akaona hawezi kubeba yote mawili, na maelfu ya watu wakatafuta pa kuhamia. Mozilla, watu wa programu ya Firefox, walijaribu nao kufungua nyumba yao mwaka 2023, wakaifunga mwezi wa Desemba 2024. Na Rochko mwenyewe, mwezi wa Novemba 2025, aliuacha uongozi baada ya miaka karibu kumi, akikiri kwamba kazi ilikuwa imemlemea. Tena lile jambo la picha ya mtoto liko huko huko: ukifuta neno lako nyumbani kwako, mashine hupeleka ombi kwa nyumba nyingine nazo zifute; lakini ni ombi tu. Nyumba iliyolala haisikii, na nyumba mbaya haijali.

Mwenyewe mmoja wa mtandao mkubwa twamlaumu, na mara nyingi twamlaumu kwa haki. Hata hivyo analipa watu wa kuondoa matusi, watu wa kutengeneza mashine usiku, watu wa kusoma mashtaka. (Tena wako waliofanya kazi hiyo Nairobi wakaenda mahakamani mwaka 2023 kwa namna walivyotendewa, basi hata huko mzigo humwangukia mdogo.) Siku tutakapomwondoa mwenyewe, kazi hizo haziondoki pamoja naye. Zatafuta mgongo mwingine. Na kwa sababu hakuna aliyeamuru ni mgongo wa nani, zamkalia yule mwenye huruma, au yule aliyefungua mlango wa kwanza, naye wenzake wamwona yuko sawa tu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tungependa kusema kwamba sisi tulilitambua jambo hili mapema. Hasha. Mwezi ule wa Januari 2025, tarehe 27, M23 walipoingia Goma, umeme ulikuwa umekatika na maji pia, risasi zikilia hata mitaa ya ndani. Mama wetu mwuza makala alianza tena kuandika: bomba gani lina maji, njia gani ina maiti, nani asitoke. Siku ya nne akanyamaza. Watu wakakasirika kundini. Mmoja akamwita mvivu, mwingine akauliza amenunuliwa na nani. Nasi, tuliomfundisha dini mwanawe wa kwanza, tuliandika kwa ukali: "Mama, wajibu wako umeuacha wapi?"

Juma moja baadaye tulikwenda kwake. Alituonyesha simu. Watu wa upande mmoja walikuwa wamemwandikia kwamba ni mpelelezi wa upande wa pili, na watu wa upande wa pili vivyo hivyo. Namba asiyoijua ilimtajia rangi ya mlango wake. Makala hayakuwa yakiingia mjini, fedha ya mega ilikuwa imekwisha, benki zimefungwa. Alituuliza, bila hasira: "Mwalimu, huo wajibu nilipewa lini?" Hatukuwa na jibu. Wajibu ulikuwa wetu wote, watu mia mbili na zaidi, nasi tulikuwa tumeuweka kichwani pake miaka minne bila kumwuliza, kisha tukamshitaki kwa kuutua.

Twaliandika hili kwa sababu katika maneno ya Papa Pius watu hukumbuka nusu ya kwanza tu, kwamba mkubwa asimnyang'anye mdogo. Lakini Walatini waliposema subsidium walimaanisha msaada. Mdogo huachiwa kazi yake, tena husaidiwa aiweze. Kumwachia mtu kazi bila msaada twaweza kukuita uhuru kwa jina. Yeye aliyeachwa analo jina jingine.

Vijana walikusanya watu uwanjani kwa mama yule, na maneno yalikuwa marefu kuliko tulivyotazamia. Wako waliosema afadhali kundi lifungwe. Mzee mmoja alisema apewe mtu mmoja hodari, alipwe. Wengine wakaogopa kwamba akilipwa atakuwa na bwana. Mwisho tulikubaliana watu wanane wapokezane, kila mmoja juma lake, na kila nyumba itoe faranga 500 kwa mwezi kwa ajili ya mega. Tulikubaliana pia kwamba anayeleta habari ya mtu aliyepotea ndiye atakayefuata habari ya kuonekana kwake, hata ikimchukua mwaka. Nyumba nyingine hulipa, nyingine hazilipi. Fundi cherehani aliyekuwa wa tatu katika zamu aliacha siku ya tano, akasema usingizi wake una thamani kuliko mtaa.

Zamu yetu ilikuwa juma lililopita. Usiku wa saa nane simu ililia: wezi wako karibu na bomba, wameua mtu. Mara zikaja habari nyingine kumi, kila moja na hesabu yake ya maiti. Tuliwapigia watatu, hakuna aliyekuwa ameona kitu. Tukaandika: "Hatujui bado." Wakatutukana, mmoja wao ni mkristo tuliyembatizia watoto wawili wakati wa hatari. Tulimpigia mama mwuza makala ili tumwulize yeye hufanyaje saa kama ile. Simu yake ilikuwa imezimwa. Tukakaa kitandani, tukaandika mara ya pili: "Hatujui bado."