Mwenye Nyumba ya Wageni na Kijana Atakaye Uuguzi

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yakiisha kutangazwa, hutujia vijana, wengine peke yao, wengine wakifuatana na baba au shangazi, nao huuliza neno moja: "Padre, nisomee uuguzi?" Wanatoka Rungwe na Chunya, wanatoka Kilolo na Mufindi. Tukiwauliza sababu, majibu si mengi. Huyu asema apenda kuwasaidia watu. Yule asema alama zake za biolojia, kemia na fizikia zatosha. Wa tatu, naye ndiye msema kweli kupita wenzake, asema kwamba nyumbani wameamua, maana nesi hakosi kazi.

Wapenzi wasomaji, swali hilo si dogo. Aliyekosea kuchagua useremala ataharibu mbao. Aliyekosea kuchagua uuguzi, hasara yake humwangukia mtu aliyelala kitandani, asiye na nguvu za kuondoka wala za kudai haki yake. Na kijana mwenyewe atakuwa amemaliza miaka mitatu ya stashahada na ng'ombe wa babaye, kisha aingie wodini na moyo uliokwisha kuchoka kabla ya kazi kuanza. Kwa hiyo twaona yafaa tulizungumze jambo hili wazi, wala si kwa maneno matamu tu.

Wahubiri hupenda kumtolea mwuguzi mfano wa Msamaria mwema, katika sura ya kumi ya Injili ya Mtakatifu Luka. Ni mfano wa haki. Alimhurumia aliyepigwa na wanyang'anyi, akamtia mafuta na divai jerahani, akamfunga vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake mwenyewe. Lakini tuendelee kusoma. Siku ya pili Msamaria alikwenda zake. Alikuwa na safari. Majeruhi aliachwa kwa mwenye nyumba ya wageni, pamoja na dinari mbili, nayo dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja.

Basi, ni nani aliyemwosha yule mtu siku ya tatu? Ni nani aliyebadili vitambaa vilivyonuka, akamlisha uji, akaamka usiku aliposikia akigumia? Injili haikututajia jina lake. Hakuwa na ajali ya barabarani ya kumchoma moyo. Alikuwa na mgonjwa mmoja, siku baada ya siku, na wageni wengine wakimwita. Naye alilipwa. Sisi twaona kwamba mwuguzi wa leo hafanani sana na Msamaria. Afanana na mwenye nyumba ya wageni. Huruma ya barabarani karibu kila mtu anayo. Uvumilivu wa siku ya tatu ni wachache walio nao, na huo ndio kijana apasao kuutafuta ndani yake kabla ya kujaza fomu za chuo.

Hapa twataka kusema neno kando. Wako watu ambao, wakisikia mwuguzi anauliza mshahara wake uliochelewa, humjibu kwamba uuguzi ni wito. Jibu hilo ni baya. Katika sura hiyo hiyo ya Luka, Bwana wetu Yesu Kristu afundisha kwamba afanyaye kazi astahili ujira wake, na dinari mbili zililipwa mapema, pamoja na ahadi ya kuongeza kama gharama itazidi. Wito haumwondolei mtu haki ya kula. Lakini aliyekuja kwa ajili ya dinari tu, na ajue kwamba hata hizo hazina hakika tena: wapo waliohitimu wakakaa nyumbani muda mrefu wakingoja kuajiriwa. Yule baba asemaye nesi hakosi kazi asema habari za zamani.

Tena kuna wavulana wanaoona haya, wakidhani uuguzi ni kazi ya wanawake. Hao tuwapeleke kwa Mtakatifu Kamili wa Lelli. Alizaliwa Italia mwaka 1550, akawa askari, mrefu wa kimo na mcheza kamari wa kupindukia. Mguu wake ulikuwa na kidonda kisichopona. Kwa ajili ya kidonda hicho aliingia hospitali ya San Giacomo mjini Roma, akapewa kazi humo, kisha akafukuzwa kwa sababu ya kamari na ugomvi. Mwaka 1575 akaongoka, akataka kuwa Mkapuchini. Kidonda kikamrudisha hospitalini. Hapo ndipo alipoona kwamba wagonjwa walihitaji watu wa kuwatunza kwa upendo wa mama, akaanzisha shirika lake. Alifariki mwaka 1614, na mwaka 1930 Papa Pio wa Kumi na Moja alimweka kuwa msimamizi wa wauguzi. Angalieni: mtu yule yule hakufaa kwanza, akafaa baadaye. Mlango alioutaka ulifungwa, na ule alioufukuziwa ulifunguliwa. Kijana aliyekataliwa na chuo mwaka huu asikate shauri upesi juu ya mapenzi ya Mungu, wala aliyekubaliwa naye asikate upesi.

Ni dalili zipi basi? Tuanze nyumbani, maana huko hakuna sare wala cheti. Bibi akiugua, ni nani ampelekaye nje usiku katika baridi ya Juni? Kama siku zote ni dada yako mdogo, umekwisha kupata jibu la nusu.

Dalili nyingine ni ulimi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017 ulionyesha kwamba mkoani Iringa kiasi cha watu wazima 11 katika kila mia walikuwa na Virusi vya Ukimwi, na mkoani Mbeya 9, hali nchi nzima walikuwa kiasi cha 5. Katika zahanati ya kijijini mwuguzi atajua siri ya jirani yake, ya mwalimu wake, pengine ya mchumba wa dada yake. Atarudi nyumbani ale chakula nao wasisome kitu usoni pake. Asiyeweza kuficha habari ya harusi hadi Jumapili, na atafute kazi nyingine, si dhambi.

Na wale wapendao watu lakini wachukiao hesabu, wasikie hili. Daktari ameagiza lita moja ya maji ya dripu iingie kwa saa nane, na mpira wenyewe hutoa matone 20 kwa mililita moja. Matone mangapi kwa dakika? Ni kiasi cha 42. Mbele ya mtoto mchanga, ambaye kipimo chake ni kidogo mno, kosa la tarakimu moja laweza kuua, na mapendo hayatalisahihisha.

Shirika la Konsolata, ambalo wamisionari wake walipewa Iringa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, limetoa wenyeheri wawili wanaotuhusu. Sista Irene Stefani aliwauguza wapagazi wa vita hiyo, hata Kilwa na Lindi kwetu. Alifariki Gikondi, Kenya, mwaka 1930, kwa tauni aliyoipata kwa mgonjwa. Sista Leonella Sgorbati alisomea uuguzi Uingereza, akafika Kenya mwaka 1970, akawafundisha wauguzi Nkubu, kisha akaanzisha chuo cha uuguzi Mogadishu. Huko alipigwa risasi tarehe 17 Septemba 2006, pamoja na mlinzi wake Mwislamu, Mohamed Mahamud. Hatuwataji ili kuwatia vijana hamu ya kufa. Twataka waone kwamba Sista Leonella, kwa mapendo yote aliyokuwa nayo, alikaa darasani kwanza, na sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa ubao na chaki.

Kwa wazazi tuna ombi. Kabla ya kuuza ng'ombe, mpeni kijana miezi michache. Afuatane na padre au katekista apelekapo Komunyo kwa wagonjwa. Akae na mwuguzi mstaafu wa kijiji, amwulize habari za zamu za usiku, na za siku alipobaki peke yake na mama mwenye uchungu, gari likiwa mbali. Aende hospitali ya Tosamaganga, au kwa ndugu zetu Walutheri wa Ilula, au Meta mjini Mbeya, akatazame saa za kuona wagonjwa zinapokwisha na jamaa wote wakaondoka. Tena ulizeni kama chuo kimesajiliwa na serikali, maana bila mafunzo yanayokubalika Baraza la Uuguzi na Ukunga halitampa leseni. Na akirudi akawaambia, "Baba, mama, kazi hii siiwezi," msimpige wala msimwite mvivu.