Mzigo Umehamia Wapi?

Kazi ya kufasiri humlazimisha mtu kulikabili neno ambalo wengine hulipita. Hivi karibuni mpwa wangu, kijana wa kompyuta, alinijia hapa Nansio, makao makuu ya wilaya ya Ukerewe, akiwa na kurasa chache za Kiingereza. "Shikamoo mjomba," akasema, "nifasirie hizi, lugha iwe ya watu." Kurasa zile zilisifu mji ujao: mkaazi atalipa ankara ya maji kwa simu, atakata tiketi ya meli kwa simu, hata daktari atamwona kwa simu, hapana foleni, hapana karatasi, hapana moshi wa magari. Huo ndio uitwao mji wa kijani. Nilifasiri kwa raha mpaka nilipofika kwenye neno hilo, kijani. Hapo kalamu ikasita.

Haikusita kwa chuki ya mambo mapya, la hasha. Sisi wa visiwani twaijua bei ya safari. Kutoka Nansio hadi Mwanza kwa meli ni takriban saa tatu, na zamani aliyefuata muhuri mmoja tu aliweza kulala ugenini. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mtoto aliyeko Mwanza akaweza kumpelekea mamaye fedha bila ya kutafuta msafiri mwaminifu. Wala safari si nauli peke yake. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichotoka Bugolora, kilipinduka kikiwa karibu kufika kisiwani Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Baada ya msiba ule, ni nani atakayesema kuwa safari iliyoepukika ni jambo dogo? Kwa hayo mpwa wangu anasema kweli.

Swali langu ni jingine. Tukisema huduma imetuondolea mzigo, je, mzigo huo umekwisha, au umehamia kichwani kwa mtu mwingine?

Jibu nililianza kulitafuta huko huko Ukara. Kisiwa hicho kidogo, kilichomo ndani ya wilaya yetu, tangu zamani kilikuwa na watu wengi kuliko ardhi yake, na namna walivyoilima iliwashangaza wageni, hata mwaka 1936 jarida la Tanganyika Notes and Records likachapisha maelezo ya kilimo cha Wakara. Ng'ombe walifungwa ndani wakakatiwa majani. Samadi ikakusanywa, ikapelekwa shambani. Katikati ya uwele ukapandwa mmea wa jamii ya marejea, kisha ukafukiwa uwe mbolea. Jina hilo, marejea, lanipendeza, maana limebeba kanuni nzima: kilichotoka ardhini na kirejee ardhini. Ukitafuta makaazi ya kijani, ambamo watu wamesongamana na hakuna kinachotupwa ovyo, hapo palikuwapo, bila ya waya wala umeme.

Lakini tusidanganyane. Samadi ile ilibebwa na watu, na Wakara wengi walipopata nafasi walihamia Ukerewe na bara, wakatafute ardhi isiyodai jasho jingi kiasi kile. Kumsifu mtu kwa wema aliolazimishwa na dhiki, ilhali msifiji mwenyewe asingekubali kuishi hivyo japo mwezi mmoja, si haki. Kwa hiyo siwaiti vijana warudi kwenye samadi ya kubeba. Ninalolichukua kutoka Ukara ni moja tu: Mkara alijua uchafu wake uko wapi. Aliuona, akaunusa, akaubeba. Mwenye faida na mwenye mzigo walikuwa mtu mmoja.

Sasa na tulitazame ziwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 magugu maji yalitanda katika Ziwa Victoria, yakaziba mialo, mitumbwi ikashindwa kutoka. Yalishibishwa na maji machafu ya miji na mbolea iliyooshwa mashambani. Wadudu walioletwa miaka ya 1990 ili wayale walisaidia kuyapunguza, lakini hayakwisha. Kwa macho matupu kilikuwa kijani cha kupendeza. Asiyejua angedhani ni bustani. Kumbe ulikuwa uchafu wa mji mmoja uliofika kwenye mwalo wa mtu mwingine. Ndiyo sababu neno lile lilinizuia. Kwetu sisi, kijani kimewahi kuwa dalili ya maradhi.

Huduma za mtandao nazo zina mwalo wake. Twaambiwa kuwa taarifa zetu zimehifadhiwa "winguni". Ni neno zuri kwa mshairi, lakini laficha mengi. Wingu hilo ni majumba yaliyojaa mashine zinazotaka umeme usiku na mchana, na mengi yake hutaka pia maji ya kuzipoza. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Nishati, mwaka 2024 majumba hayo yalitumia kiasi cha asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia. Tena ipo kobalti, iliyomo katika betri za simu nyingi na za magari mengi ya umeme. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, hasa pande za Kolwezi, na miongoni mwa wachimbaji wamo wanaochimba kwa mikono. Huko nako husemwa Kiswahili, lugha hii hii ninayoitumia kufasiri sifa za mji usio na vumbi.

Nilipomweleza mpwa wangu haya, alinijibu: "Lakini mjomba, kila jambo lina gharama. Hata meli inakunywa mafuta." Ni kweli, na huenda hesabu ikapigwa, simu ikaishinda meli. Siikatai hesabu, ninachodai ni kwamba iwe kamili. Kupunguziwa mzigo ni neema. Kutouliza ulikokwenda, ilhali waweza kuuliza, ndipo kosa linapoanzia. Asiyejua ana udhuru. Aliyekataa kujua hana.

Kazi niliimaliza. "Mji wa kijani" nimeuacha kama ulivyoandikwa, kwani mfasiri si mwenye maandishi. Ila nilimwomba aongeze ukurasa mmoja wake mwenyewe: simu zikishaharibika zitapelekwa wapi, maji machafu ya mji huo yataishia mwalo gani, na bibi asiye na simu atahudumiwa kwenye dirisha lipi. Aliahidi, akapanda meli, na ukurasa huo ningali naungoja. Lakini nikimdai yeye, nami nadaiwa: makala haya nimeyatuma kwa simu, yakavuka maji nami nimeketi barazani kwangu.