Gari Lililozikwa Tulsa

Tarehe 15 Juni 1957, mbele ya jengo la mahakama mjini Tulsa, jimbo la Oklahoma, umati ulikusanyika kushuhudia gari jipya likishushwa shimoni. Lilikuwa Plymouth Belvedere ya milango miwili, rangi ya dhahabu na nyeupe, yenye mapezi marefu nyuma kama yalivyotakiwa na fasheni ya mwaka huo. Oklahoma ilikuwa inaadhimisha miaka 50 tangu iwe jimbo la Marekani, na wenyeji walitaka kuwaachia wajukuu wao zawadi. Gari lingefukuliwa 2007, jimbo likitimiza miaka 100, na lingepewa mtu aliyekisia kwa ukaribu zaidi idadi ya wakazi wa Tulsa katika mwaka huo.

Waliofanya jambo hili hawakuwa wazembe, na ndiyo maana kisa chao kinafaa kusimuliwa. Zilikuwa siku za Vita Baridi, hofu kubwa ilikuwa bomu la nyuklia, kwa hiyo shimo lilijengwa kwa zege wakiamini lingestahimili hata bomu hilo. Gari lenyewe lilipakwa grisi nzito ya kuzuia kutu, ya aina ambayo jeshi lilitumia kuhifadhi silaha, kisha likaviringishwa kwa plastiki tabaka juu ya tabaka. Petroli na oili viliwekwa humo humo, maana hakuna aliyekuwa na uhakika kama watu wa 2007 wangekuwa bado wanatumia petroli. Kreti ya bia ikaongezwa. Katika kisanduku cha dashibodi wakatia vitu vya mkoba wa mwanamke wa siku zile: vibanio vya nywele, rangi ya mdomo, sigara, hata karatasi ya faini ya kuegesha gari ambayo haikulipwa. Walifikiria mengi, na kwa mapenzi. Lakini adui waliyemwandalia boma alikuwa angani, na yule aliyekuja kuwashinda alikuwa tayari ardhini. Alikuwa maji.

Fundi ujenzi yeyote aliyewahi kuchimba tangi la maji machafu anajua kwamba zege tupu halizuii maji. Lina vinyweleo. Ardhi ikitikisika kidogo linapata ufa, na mahali kifuniko kinapokutana na ukuta ndipo penye mlango mkubwa kuliko nyufa zote. Maji ya mvua yakapata pa kuingia, yasipate pa kutokea. Plastiki iliyowekwa kwa ajili ya kulinda ikageuka, ikawa inashika unyevu na kuubana kwenye bati mwaka hadi mwaka, mahali ambapo upepo haufiki na jicho halioni. Kikulacho ki nguoni mwako, na gari hili lililiwa na nguo liliyovishwa.

Kifuniko cha zege kilipoinuliwa Juni 2007, kilichoonekana kwanza kilikuwa bwawa. Maji yalipopimwa yalikuwa na kina cha futi kadhaa. Baadaye gari lilipelekwa kwenye ukumbi wa mikutano, maelfu ya watu wakiwa wameketi wakisubiri. Boyd Coddington, fundi wa California ambaye jina lake lilikuwa kubwa katika kazi ya kuunda upya magari ya zamani, alikuwa amealikwa ajaribu kuwasha injini. Plastiki ikavuliwa. Chini yake hapakuwa na dhahabu wala nyeupe. Gari lote lilikuwa rangi ya tope na kutu, sehemu ya nyuma imeinama kwa sababu springi zimekwisha, vitambaa vya viti vimeoza. Injini haikuwaka. Vile vitu vya mkoba vilikuwa vimegeuka donge. Aliyeshinda shindano la kukisia alikuwa amefariki tangu 1979, kwa hiyo zawadi ikaenda kwa ndugu zake ambao tayari walikuwa wazee.

Kitu kimoja kilitoka salama shimoni: kasha la chuma lililokuwa limezikwa pamoja na gari, likiwa limezibwa kabisa. Karatasi zilizomo ndani zilikuwa kavu. Yaani shimo lile lile, maji yale yale, miaka ile ile 50. Kasha lilizibwa mpaka maji yakakosa pa kupita. Gari lilifunikwa tu, na kati ya kuziba na kufunika ndimo msiba wote ulimoingilia.

Hapa inafaa tuseme kutu ni nini hasa, kwa sababu wengi wanaonunua magari ya zamani huidhania kuwa uchafu uliogandia juu ya chuma. Siyo. Kutu ni chuma chenyewe, kilichoungana na oksijeni penye maji na kugeuka kitu kingine. Kinachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, ndiyo maana rangi huanza kwa kutoa malengelenge kabla haijabanduka. Na kwa kuwa kutu ni chuma kilichokufa, ukiikwangua yote huwezi kufikia bati la zamani likiwa na unene wake. Unafikia bati jembamba, au unafikia tundu.

Familia iliyorithi Belvedere ilikuja kulijua hilo kwa njia ngumu. Gari lilipelekwa New Jersey, kwa kampuni yenye dawa ya kuondoa kutu, na kazi ya kulisafisha ikaendelea muda mrefu. Tope liliondoka. Baadhi ya rangi ya kwanza ikaonekana tena, na kromi ya bampa ikarudisha mng'ao hapa na pale. Kwa macho, ilikuwa kama muujiza. Lakini chini ya mng'ao huo bati lilikuwa limekonda kama karatasi, na chesi haikuwa na nguvu ya kubeba gari barabarani. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake yote. Iliondoa kilichokufa, ila haikuwa na uwezo wa kurudisha kilichokuwa hai. Mwishowe gari lilipata makazi katika jumba la makumbusho la magari mjini Roscoe, Illinois, ambako lilifikishwa 2017. Halikufufuliwa, linatazamwa tu.

Linganisha na Havana. Huko, kwenye kisiwa chenye upepo wa chumvi kama wa Tanga au Lamu, Chevrolet na Plymouth za miaka ile ile ya 1950 bado zinabeba abiria. Hazikuhifadhiwa na mtu. Vikwazo vya Marekani vilikata spea tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, mafundi wakatia injini za dizeli, wakachonga vipuri kwa mikono, wakachomelea kila palipotoboka. Gari linalofunguliwa kila wiki haliwezi kumficha mwenyewe kutu yake.

Sasa tuje kwa mtu mwenye fedha mkononi na hamu ya kufufua gari la namna hiyo. Wapo, na wengine ni ndugu zetu walioko Ohio na Minnesota, wanaoona matangazo ya magari haya kila mwisho wa wiki. Kule chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hutafuna gari kutoka chini. Muuzaji asiye mwaminifu hufanya kile kile walichofanya watu wa Tulsa bila kukusudia: anafunika. Tundu linajazwa puti, puti inapigwa msasa mpaka inakuwa laini kama kioo, juu inapulizwa rangi mpya, na gari linang'aa kuliko siku lilipotoka kiwandani. Unyevu uliobaki nyuma ya puti unaendelea na kazi. Baada ya misimu miwili au mitatu ya mvua malengelenge yanatokea, na mnunuzi anagundua kwamba alilipia rangi.

Magari ya Chrysler ya 1957, Plymouth ikiwa mojawapo, yalikuwa na sifa mbaya ya kutu tangu yakiwa mapya, kwa sababu yaliharakishwa kuingia sokoni. Mahali pamoja ni juu ya taa za mbele. Tairi hurusha tope ndani ya madigadi, tope linatua kwenye kijirafu kilicho juu ya taa, linabaki pale likiwa na majimaji, na bati linaoza kutoka ndani kwenda nje. Kutoka nje huoni kitu mpaka siku kidole kinapozama. Sakafu ya buti na lile boksi la chuma lililo chini ya milango ni hivyo hivyo.

Na hatari inakua pale mtu asipotaka kulirudisha gari lilivyokuwa, bali kulibadilisha. Kubadilisha kwenyewe si kosa. Ndugu wawili, George na Sam Barris, walikata mapaa ya Mercury za 1949 hadi 1951 kule California wakayashusha, na kazi yao ikawa sanaa inayoheshimiwa. Mercury ya 1951 waliyoitengenezea Bob Hirohata mwaka 1952 ilinunuliwa 1959 na kijana mmoja kwa dola 500. Akakaa nayo maisha yake yote, akaifufua kwa uvumilivu, na Januari 2022 ikauzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2. Paa lilikatwa, ndiyo, lakini lilikatwa kwenye chuma kizima.

Balaa ni yule anayeanza na injini. Anatafuta V8 yenye nguvu mara mbili ya ile ya kwanza, anashusha springi, ananunua magurudumu mapana, na vyote hivyo anavifunga kwenye chesi ambayo hakuwahi kuigonga kwa nyundo. Breki anaziacha za zamani. Magari mengi ya miaka ya 1950 yana njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja la chuma likitobolewa na kutu, kanyagio linazama hadi sakafuni na hakuna gurudumu linaloshika. Marekani ililazimisha njia mbili kuanzia magari ya 1968 kwa sababu hiyo hasa. Mtu anayeongeza nguvu ya kukimbia kabla ya kukagua nguvu ya kusimama anawaweka watoto wake kwenye kiti cha nyuma cha bahati nasibu, na hili linaniuma kila ninapoona picha za gari linalometameta likiwa na injini mpya na mabomba ya breki ya zamani.

Ukienda kulitazama gari, basi, nenda asubuhi kavu na ukae nalo. Chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa uipitishe juu ya taa, nyuma ya magurudumu na chini ya milango. Pale isiposhika pana puti. Inua kapeti mbele na nyuma, toa tairi la akiba, tazama kilicho chini yake. Lala chini ya gari ukiwa na tochi na bisibisi, na uiguse chesi kwenye viungo, si katikati ambako huwa nzima. Fuata bomba la breki kwa kidole kutoka mbele mpaka nyuma. Bei ijadiliwe baada ya hapo, na muuzaji akikataa kapeti kuinuliwa, rudi nyumbani na fedha zako.