Je, Yafaa Kumwuguza Mbwa Nyumbani?

Ndugu msomaji, tuseme mbwa amegongwa na lori usiku, akajikokota kutoka barabarani mpaka uani kwako, nawe ukifungua mlango asubuhi unamkuta amelala kizingitini. Mguu wa nyuma umevunjika, ubavuni mna jeraha, na nzi wameanza kumzunguka. Humjui ni wa nani. Watoto wamesimama wanakutazama utafanya nini. Jirani wa kuume anasema: mfukuze kwa mawe, huyo ni najisi, akikaa humu sala zenu hazifai, na malaika hawaingii tena. Jirani wa kushoto, ambaye ni Mkristo, anacheka na kusema kwamba hiyo ndiyo dini uliyoichagua, dini isiyo na huruma hata kwa mnyama alindaye nyumba. Nawe umeingia katika Uislamu juzijuzi, au ungali unauchunguza, na shehe wa kumwuliza yuko mbali.

Swali hili si dogo kama linavyodhaniwa. Mtu anayeingia dini mpya huipima kwa mambo ya namna hii. Akiambiwa kwamba ili awe Mwislamu safi imempasa aufanye moyo wake mgumu mbele ya kiumbe kinacholia kwa maumivu, basi ama ataiacha dini, ama ataiacha huruma, na yote mawili ni hasara. Sisi twasema wazi: mwuguze. Wala hatusemi kwamba ni jambo la kufumbiwa macho tu. Twasema ni kazi yenye thawabu, na kwamba hukumu za tohara hazikuwekwa ili kuizuia.

Imam Bukhari na Imam Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Huraira r.a. kisa ambacho Mtukufu Mtume s.a.w. aliwasimulia masahaba. Mtu mmoja alikuwa njiani, kiu ikamshika, akashuka kisimani akanywa. Alipotoka akamkuta mbwa anahema na kulamba udongo wenye majimaji. Akajiambia kwamba mbwa yule amefikwa na yale yale yaliyomfika yeye. Akashuka tena, akaijaza khufu yake maji, akaishika kwa meno ili mikono ipate kupandia, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akaipokea kazi ile na kumsamehe. Masahaba wakauliza kama hata kwa wanyama wanapata thawabu, wakajibiwa kwamba imo thawabu kwa kila chenye ini lenye unyevu, yaani kila kiumbe kilicho hai.

Tazama, swali la masahaba ndilo swali lako wewe uliyesimama mlangoni. Nao walidhani kwamba dini ni ya baina ya mtu na Mungu, na ya baina ya mtu na mtu, basi. Tazama pia ile khufu. Hiyo ni vazi la mguuni ambalo Mwislamu hupangusa juu yake anapotawadha, tena husali nalo. Mtu yule hakusita kuipeleka kinywani mwa mbwa. Na Imam Bukhari amekiweka kisa hiki hata katika Kitabu cha Udhu. Kadhalika iko hadithi ya kahaba wa Bani Israil aliyesamehewa kwa sababu ya kumnywesha mbwa, na hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfunga paka pasipo kumpa chakula wala kumwacha ajitafutie. Naye mwandishi wa historia, Al-Waqidi, ameandika kwamba jeshi la Waislamu lilipokuwa likienda kuiteka Makka, mwaka wa 8 wa Hijra (630), Mtume s.a.w. alimwona mbwa jike ananguruma huku watoto wake wakimnyonya, akamweka sahaba mmoja asimame karibu naye ili askari wasimsumbue. Watu elfu nyingi wanakwenda vitani, na mmoja anaondolewa safuni amlinde mbwa!

Kurani Tukufu nayo haimtaji mbwa kwa chuki. Katika Sura Al-Maida, aya ya 5 kwa hesabu yetu inayoihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza, imehalalishwa nyama ya windo lililokamatwa na wanyama waliofunzwa. Na neno la Kiarabu lililotumiwa kwa wafunzaji hao latokana na kalb, maana yake mbwa. Tena mafunzo hayo yametajwa kuwa ni katika yale ambayo Mungu Mwenyewe amemfunza mwanadamu. Na katika Sura Al-Kahf, aya ya 19, watajwa watu wa pangoni pamoja na mbwa wao aliyenyosha miguu yake ya mbele kizingitini. Jumuiya yetu yafahamu kwamba hao ni Wakristo wa kwanza waliojificha katika mapango ya chini ya ardhi huko Rumi, wakiteswa kwa ajili ya Mungu Mmoja. Mbwa wao alikuwa kizingitini: hakulazwa kitandani, wala hakupigwa mawe. Ukumbuke mahali hapo, ndugu yangu, maana tutaparudia.

Sasa tuje kwenye najisi. Ni kweli kwamba imeamriwa katika hadithi sahihi chombo alichokilamba mbwa kioshwe mara saba, na katika mapokezi ya Muslim mojawapo iwe kwa udongo. Hatulipunguzi neno hilo. Lakini lazungumzia chombo na ulimi wa mbwa. Halikusema mbwa aachwe afe. Wanazuoni wenyewe wamehitilafiana. Imam Shafii, ambaye Waislamu wengi wa pwani yetu hufuata madhehebu yake, amesema mbwa mzima ni najisi. Wafuasi wa Imam Abu Hanifa husema najisi ni mate yake. Imam Malik amesema mbwa ni tohara, na kuosha chombo ni utii wa amri tu; akauliza, yawezekanaje windo lake liliwe na mate yake yachukiwe? Naye Ibn Umar r.a. amepokewa katika Bukhari kwamba zama za Mtume s.a.w. mbwa walikuwa wakipita msikitini, wala watu hawakunyunyiza maji kwa sababu hiyo.

Hata tukishika kauli iliyo ngumu kupita zote, ya Imam Shafii, kikavu kikigusana na kikavu najisi haihami, na kumgusa mbwa hakutengui udhu. Palipolowa huoshwa. Najisi dawa yake ni maji! Mtoto mchanga huikojolea nguo ya mama yake kila siku, nasi hatujapata kusikia mama akiambiwa amtupe mtoto. Basi tenga shati kuukuu la kazi hiyo, nalo usisalie. Mtengee mbwa bakuli lake, lisichanganywe na vyombo vya jikoni, na shida ya kuosha mara saba haitakufika. Nawa mikono kwa sabuni, utawadhe, usali.

Ama malaika, ni kweli imepokewa kwamba hawaingii nyumba yenye mbwa. Lakini wanazuoni kadhaa, miongoni mwao Al-Khattabi, wameeleza kwamba hayo ni kwa mbwa anayefugwa bila ruhusa ya sheria, si wa kuwinda wala wa kulinda mifugo na shamba. Kwa maoni yangu mgonjwa aliyeletwa na ajali hahesabiwi kuwa amefugwa hata kidogo. Hata hivyo huna haja ya kushindana na jirani juu ya jambo hili. Mlaze barazani, au katika banda la uani, mbali na chumba cha kusalia. Hapo ndipo kizingiti cha watu wa pangoni.

Naye jirani Mkristo tumwambie kwa upole aifungue Biblia yake. Katika Mathayo 15:26 Yesu a.s. anamjibu mwanamke Mkanaani kwa mfano wa chakula cha watoto na mbwa, na katika Ufunuo 22:15 mbwa wamewekwa nje pamoja na wachawi na wauaji. Je, sisi tuseme kwamba Ukristo wamchukia mbwa? La hasha. Hiyo ni mifano juu ya watu, kama ulivyo mfano wa mbwa anayehema katika Sura Al-Aaraf. Bali katika Luka 16:21 mbwa ndio waliomwendea maskini Lazaro vidondani, wakati tajiri mwenye nyumba hakumjali.

Kwa sisi Waahmadiyya jambo hili lina mzizi zaidi. Masihi Aliyeahidiwa a.s. alizitangaza sharti kumi za baiat tarehe 12 Januari 1889, na tarehe 23 Machi mwaka ule ule akapokea baiat ya kwanza mjini Ludhiana, India. Katika sharti la nne mwenye baiat aahidi kutowaudhi viumbe wa Mungu kwa jumla, na Waislamu hasa, kwa ulimi wala kwa mkono. Na katika sharti la tisa aahidi kuwahurumia viumbe wa Mungu kwa ajili ya Mungu tu. Najua wengi huyasoma hayo wakiwafikiria wanadamu peke yao, na ni kweli wanadamu hutangulia. Lakini sioni ni kwa njia gani mtu aliyeahidi maneno mapana namna hiyo aweza kuokota jiwe.

Basi, mwuguze vipi? Kwanza mtazame kwa mbali. Ikiwa anatokwa na mate mengi, anayumba, anauma hata miti na mawe, au sauti yake imebadilika, usimkaribie. Zuia watoto na umwite bwana mifugo, kwani huenda ana kichaa cha mbwa. Ikiwa ni majeruhi tu, jua kwamba hata mbwa mpole huuma akiwa na maumivu. Chukua utepe wa kanga kuukuu, uzungushe puani, uupitishe chini ya kidevu na kuufunga nyuma ya masikio. Usifanye hivyo ikiwa anatapika au anahema kwa taabu. Mbebe juu ya ubao au blanketi lililovutwa sawasawa, usimnyanyue kwa miguu. Tazama ufizi wake: ukiwa mweupe, damu nyingi imetoka, na daktari wa mifugo atafutwe pasipo kungoja jua lipande. Damu inayochuruzika uibane kwa kitambaa safi.

Jeraha lioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko cha chai cha chumvi. Katika nchi zetu za joto funza huingia jerahani upesi, kwa hiyo litazame asubuhi na jioni. Mguu uliovunjika usiunyoshe wala usiufunge vijiti kwa kubahatisha, mwachie mjuzi. Akiisha fungwa bendeji, angalia vidole: vikivimba au kuwa baridi, imekaza mno. Usimpe parasetamoli wala dawa nyingine za watu za kutuliza maumivu, kwani zaweza kumwua. Asiyeweza kuinuka ageuzwe ubavu kila saa chache asipate vidonda vya kulalia. Maji yawepo daima. Chakula kidogo kidogo, uji na mchuzi usio na kitunguu. Mfupa wa mbwa mzima huunga kwa majuma sita mpaka kumi na mawili hivi, na siku zote hizo asiachiwe kukimbia. Kazi hii yachosha. Siku tatu za kwanza kila mtu wa nyumbani hutaka kusaidia. Juma la nne utabaki peke yako na bakuli mkononi, na hapo ndipo thawabu ilipo.

Daktari akisema uti wa mgongo umekatika wala hapana tumaini, kumwua kwa sindano pasipo mateso si dhuluma. Mtume s.a.w. ameamuru wema hata katika kuchinja, kisu kinolewe.

Ukiumwa katika kazi hii, hata kama jeraha ni dogo, lioshe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na siku ile ile uende hospitali upate chanjo. Usingoje dalili. Kichaa cha mbwa kikiisha kudhihiri, karibu kila mgonjwa hufa. Masihi Aliyeahidiwa a.s. amesimulia katika kitabu chake Haqiqatul Wahi, kilichotolewa mwaka 1907, habari za mwanafunzi aitwaye Abdul Karim, wa Hyderabad, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa alipokuwa akisoma Qadian. Alipelekwa Kasauli kutibiwa. Alipokwisha kurudi dalili zikamtokea. Waganga wa Kasauli walipoulizwa kwa simu ya maandishi wakajibu kwamba hapana la kufanya. Masihi Aliyeahidiwa a.s. akamwombea kwa huzuni nyingi, na kijana akapona, ikawa ishara. Ndugu zetu hupenda kukisimulia kisa hiki kuanzia kwenye maombi. Mimi napenda kikumbukwe tangu mwanzo wake: kwanza kijana alipelekwa kwa waganga, tena safari ya mbali.

Mbwa akipona, yabaki swali la kumweka. Imepokewa kwamba mwenye kufuga mbwa asiye wa mifugo, wa kuwinda, wala wa shamba, hupungukiwa thawabu kila siku. Basi mtafute mwenyewe kwanza; asipopatikana, mpe mfugaji au mkulima anayemhitaji. Ukiwa una mbuzi au shamba, mweke kwa kazi hiyo, na wanazuoni wengi wamekubali pia kulinda nyumba. Huenda mguu usirudi kuwa sawa. Si neno, mbwa wa miguu mitatu hubweka sawasawa na wa minne, na mwizi hahesabu miguu gizani. Ila kabla hajatoka mikononi mwako, bwana mifugo amchanje chanjo ya kichaa cha mbwa, na huyo utakayempa umwambie lini arudie tena.